Aliyetenga Kondoo na Mbuzi

Katika Biblia nzima paka hayumo. Hilo ndilo jambo la kwanza Katekista aliloniambia, siku nilipohamia nyumba ya jirani yake kule Kitahana, wilaya ya Kibondo. Alikuwa amesimama pale migomba yake inapokutana na uwanja wangu, na paka wake amekaa katikati yetu akijilamba. Mimi nilikuwa nimetoka kushusha godoro na jiko la mkaa kwenye lori. Nilikuwa afisa mifugo mpya wa kata, mtoto wa Singida, Mwislamu. Nikasema, "Shikamoo."

"Marahaba, Daktari," akasema. "Simba yumo, punda yumo, hata panzi yumo. Huyu hayumo. Kwa hiyo hapa kwangu anakaa kama mgeni."

Baadaye padri wa parokia, ambaye barabara ilimruhusu kutufikia mara chache, alimsahihisha mbele yangu. Paka yumo, padri alisema, katika kitabu cha Baruku. Anakaa juu ya sanamu za miungu ya Babeli pamoja na popo. Katekista alikunja uso kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kesho yake asubuhi nilimkuta anamtazama yule paka kwa muda mrefu. "Kumbe ni mpagani," akaniambia. Lakini vichwa vya dagaa aliendelea kumtupia.

Kila mtu alimwita Katekista, hata wasio Wakatoliki. Mimi usoni nilimwita Mwalimu. Alikuwa mrefu na mkavu, mwenye koti moja la kijivu la mvua na jua, na mabuti ya plastiki aliyoyavua kwenye mlango wa kanisa akaingia na soksi. Kanisa lenyewe la kigango, matofali ya kuchoma na bati, lilikuwa mwisho wa uwanja wangu. Padri asipofika, ibada aliongoza yeye. Jumamosi alifundisha watoto wa komunyo ya kwanza, nami nikiwa barazani nasafisha mabomba yangu ya sindano nilisikia kila neno. Nimesoma katekisimu nzima kwa sikio la pembeni, na sehemu kubwa yake ilikuwa ya wanyama.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba mtoto wa pale anaamka na Kiha na kulala na Kiha, na Kiswahili cha kitabuni ni kigeni kwake kama sukari ya pakiti. "Ukimwambia neema, anakukodolea macho. Ukimwambia kondoo amepotea, anakuuliza amepotelea wapi, twende tukamtafute. Sasa nani ameelewa?"

Basi kila fundisho lilikuwa na mnyama wake. Njiwa alikuwa Roho, na kunguru alikuwa yule mtumwa wa Nuhu aliyetumwa asirudi. Ila kunguru huyohuyo alimpelekea Eliya mkate, kwa hiyo asipigwe mawe. Chungu alikuwa mwalimu wa wavivu. Jogoo alikuwa dhamiri, kwa sababu ya Petro, na kwa ajili hiyo Katekista hakula jogoo maisha yake yote. Tetea alimla vizuri sana. Ngamia alimsumbua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona, akaja kwangu.

"Ninyi ndio wenye ngamia," akasema. "Njoo uwaeleze watoto."

"Mwalimu, sisi Singida tuna kuku na alizeti."

"Sasa huo Uislamu wenu ni wa namna gani?"

Tulitaniana hivyo miaka yote. Pasaka na Krismasi alinipa mimi kisu nichinje, ili majirani wote wale bila kuulizana. Idd alikuwa wa kwanza kufika kwangu, na akila nyama alinikumbusha kwamba kondoo dume aliyenaswa kichakani ili mtoto wa Ibrahimu apone alikuwa wa kwao kabla ya kuwa wa kwetu. Nilimwongezea pilau, hapo ndipo alipokubali kwamba yaweza kuwa alikuwa wa wote.

Simba ndiye aliyemshinda. Simba ni Kristo, wa kabila la Yuda. Na simba ni shetani, anayezunguka akinguruma akitafuta wa kummeza. Binti mdogo wa darasani akauliza, "Mwalimu, tukikutana naye tutajuaje ni yupi?" Katekista akamwambia wakikutana naye wakimbie kwanza. Jioni alikuja barazani kwangu akiwa bado na lile swali. "Mnyama mmoja, maana mbili," akasema. "Mimi sipendi. Mimi napenda mnyama mwenye maana moja, ukimwona umeshajua."

Naye nyoka alimletea shida hiyohiyo, tena mbele ya watu. Siku moja ya masika nyoka alidondoka kutoka kwenye kenchi za kanisa katikati ya ibada. Akina mama walipanda juu ya mabenchi. Katekista alisimama mbele ya altare na soksi zake, kitabu mkononi, na kwa utulivu ambao bado unanishangaza akauliza kwa sauti kama huyu ni yule wa bustani ya Edeni au yule wa shaba ambaye Musa alimwinua jangwani, kila aliyemtazama akapona. Akashuka, akamponda kichwa kwa mguu wa benchi. Baada ya ibada alieleza kwamba wa shaba hatambai.

Hivyo ndivyo kulivyokuwa kuishi naye. Kila jambo lilikuwa na somo, na somo lilikuja na fimbo nyuma yake.

Hadithi aliyopenda kuisimulia mwenyewe ilikuwa ya punda. Aliamini Jumapili ya Matawi bila punda ni maandamano ya chama tu. Punda ni wachache kule. Alimwazima kwa wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wamehamia na ng'ombe wao upande wa Murungu. Wakampandisha mwenyekiti wa kigango, mtu mnene mwenye shughuli zake, akavikwa shuka jeupe. Walipofika kwenye lango la uwanja wa kanisa, punda akasimama. Walimvuta, wakamsukuma, kwaya ikarudia ubeti uleule mpaka sauti zikakauka. Mwenyekiti akaomba fimbo. Katekista akamkatalia. Akasema katika Biblia punda akigoma njiani ni kwamba ameona malaika mwenye upanga, na mwenye kosa siku zote ni aliyempanda. Mwenyekiti akashuka, amekasirika, na punda akaingia peke yake. Katekista alicheka hadithi hiyo kila alipoisimulia, akifuta macho kwa kiganja. "Mwenye kosa ni aliyempanda," alirudia. Aliyasema hayo kuhusu watu wengine.

Maana alikuwa pia mtu wa kuamua. Migogoro ya kitongoji, ng'ombe kuingia shamba la maharage, maneno ya kilabuni baada ya rubisi, mume na mke, ilipitia kwake kabla ya kufika ofisi ya kijiji. Hapo nilijifunza sheria ya pale ambayo haikuandikwa popote. Mkikoseana, kila mmoja ana lake, mmoja wenu anampelekea mwenzake kondoo. Kondoo ni mnyama wa kupatana, na wazee wengi wa pale nyama yake hawaiweki mdomoni kwa heshima hiyo. Lakini kosa likiwa ni la mmoja, huyo hapeleki kondoo. Analipa mbuzi. Mbuzi ni faini. Aliyekosa anamvuta kwa kamba mchana, watu wakiona, na aliyekosewa akiipokea ile kamba kesi imekwisha. Asipoipokea, kesi ipo.

Katekista alizipenda sheria hizo kwa sababu zilikubaliana na kitabu chake. Kondoo wema, mbuzi wenye hatia: mnyama mmoja, maana moja. Nilimsikia akitoza mbuzi mara nyingi. Niliwaona wanaume wazima wakipita mbele ya baraza yangu wakivuta kamba, wameinamisha shingo kuliko mbuzi wenyewe. Yeye sikuwahi kumwona akivuta. Alikuwa hakosei, au hakuna aliyethubutu kumwambia.

Sasa niseme juu ya kutenga.

Sikukuu ya Kristo Mfalme huangukia mwishoni mwa Novemba, mvua zimeshachanganya na maharage yameota. Siku hiyo Katekista aliagiza kondoo na mbuzi wa kitongoji kizima waletwe kwenye uwanja wa kanisa baada ya ibada, wamechanganyika kama wanavyochungwa, naye awatenge mbele ya watu, kondoo kulia, mbuzi kushoto, kama itakavyokuwa siku ya mwisho. Padri alimwambia kwamba injili hiyo haisomwi kila mwaka. Yeye akaifanya kila mwaka. Mgeni angedhani ni kazi rahisi. Kondoo wa nyanda zile ni wadogo, wa hudhurungi, manyoya mafupi kama ya mbuzi, na wakiwa wamelowa mvua hata mimi ninatazama mara mbili. Katekista alitenga kwa mkia. Alipita katikati yao akigusa, huyu, huyu, huyu. "Mkia wa mbuzi unatazama mbinguni bila kualikwa," alisema. "Wa kondoo unatazama chini." Watu walicheka palepale kila mwaka.

Mimi nilifaidika. Mifugo ikishatengwa nilikuwa nimesimama kwenye uzio na dawa yangu ya minyoo, nikainywesha yote kabla haijatawanyika. Kondoo walikunywa kwanza, kwa heshima yao.

Mwisho wa shughuli Katekista aligeukia watu, akasema, "Haya. Sasa kila mtu ajiulize mkia wake unatazama wapi," akawaruhusu kwenda nyumbani. Hakumwonyesha mtu kidole. Huo ndio uliokuwa uzuri wa desturi ile.

Alikuwa na binti, kitinda mimba wake, aliyemsaidia tangu utoto. Yeye ndiye aliyeshika mifugo wakati wa kutenga, na Jumamosi baba akikohoa yeye ndiye aliyeendelea na somo, kwa maneno yaleyale na kwa uvumilivu zaidi. Binti huyo alianza kupeleka maharage kwenye soko la karibu na kambi ya Nyarugusu, njia ya Kasulu, na huko akampata Mkongomani, fundi cherehani, mkimbizi, mlokole. Wakaanza kukaa pamoja bila padri wala mchungaji. Mwaka huo, Jumapili ya Kristo Mfalme, alirudi nyumbani tumbo likiwa linaonekana, akaingia ibadani, akakaa benchi lake la siku zote.

Nilikuwa kwenye uzio, chupa ya dawa mkononi. Katekista alitenga mifugo. Akasema lile neno la mkia, watu wakacheka. Kisha akamtazama binti yake, ambaye alikuwa ameshika mbuzi wa mama yake kwa kamba kama kila mwaka, akamwambia, "Wewe, baki hapohapo kushoto. Ndipo mahali pako."

Alimwambia kwa Kiswahili, lugha ya kanisani. Kiha cha nyumbani hakukigusa.

Hakuna aliyecheka. Mama yake alisema "Yooo" kwa sauti ndogo. Binti alisimama pale kidogo, mbuzi akimzungukazunguka miguuni. Kisha akasema, "Sawa," akaizungusha kamba mkononi, akatoka na mbuzi wake kwenye lango, akashika barabara. Nilimwona mpaka alipokata kona ya shule. Ilibidi niwanyweshe wale mbuzi waliobaki, kwa hiyo niliwanywesha. Nilimkasirikia Katekista siku ile, na kwa wiki kadhaa nilipita njia ya nyuma nisisalimiane naye.

Hakuirudia desturi ile tena. Novemba iliyofuata alisema mvua ni nyingi. Iliyofuata alisema mifugo inaumwa, ingawa mimi ndiye niliyepaswa kujua kama mifugo inaumwa. Watu waliacha kuuliza. Wanyama wengine aliendelea kuwafundisha, njiwa, chungu, jogoo. Kondoo na mbuzi aliwaruka, na watoto wakapata komunyo bila kuwajua.

Nyumbani kwake jina la binti halikutajwa. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye akili nyingi na maneno machache, alianza kusafiri kwenda "kununua dagaa" upande wa Kasulu. Dagaa walikuwa tele gulioni palepale Kibondo. Katekista alimsindikiza mpaka stendi. Siku ya kurudi nilikuwepo, tunakunywa chai.

"Dagaa wa huko wanaendeleaje?" Katekista akauliza, anatazama kikombe.

"Wazima," mkewe akasema. "Wamepata mtoto. Wamemwita Neema."

Akanywa chai yake yote. Akauliza kama huko mvua imenyesha. Nilitamani kucheka na nilitamani kumtikisa mabega, vyote kwa pamoja.

Halafu macho yakaanza. Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili, ukungu mweupe ambao hata daktari wa ng'ombe angeuona. Ibada aliiongoza kwa kichwa, kitabu kimefunguliwa mbele yake kwa ajili ya heshima. Alianza kunisalimia kabla sijafika, kwa kusikia mabuti. Mimi nilimletea habari kwamba madaktari wa macho wamefika hospitali moja kule Kasulu, wanapasua bure, mtu anatoka anaona. Nikasema nitampeleka mwenyewe.

"Wewe nitafutie nyongo ya samaki," akasema. Katika kitabu cha Tobiti kijana anampaka baba yake nyongo ya samaki machoni, na mzee anaona. "Ukienda Kigoma niletee mgebuka, nyongo yake usitupe."

"Mwalimu, kuna madaktari."

"Kasulu sina shughuli."

Basi la Kasulu linapita njia panda ya Nyarugusu. Hakuna njia nyingine ya lami wala ya vumbi. Angepita kwenye mlango wa mwanawe na kusikia konda akitangaza kituo. Nilijua hivyo, naye alijua kwamba ninajua, na tukaongelea migebuka. Madaktari wakaondoka. Mwaka uliofuata walikuja tena, wakaondoka tena. Mtu aliyewafundisha watoto maana ya kila kiumbe chini ya mbingu alikubali kupofuka kuliko kupita njia panda moja. Sijawahi kuona ukaidi wa namna ile kwa mnyama yeyote, na nimefanya kazi na punda.

Mara moja tu alinigusia. Tulikuwa tumekaa, na mbuzi wa mtu mwingine alikuwa akila ngozi za ndizi karibu na miguu yake. Akanyosha mkono, akapapasa mpaka akaupata mkia, akaushika. "Daktari," akasema, "ninyi mlivyosoma, kondoo na mbuzi ni ndugu?"

"Ni ndugu wa karibu, Mwalimu."

"Wanazaliana?"

"Hapana. Lakini wanachungwa pamoja."

"Ee," akasema. Akauachia mkia. "Ego. Wanachungwa pamoja."

Mwaka huo nilihamishiwa Kasulu. Katekista aliniaga kwa kunipa jogoo, kwa kuwa yeye hamli. Kazi yangu mpya ilinipitisha vijiji vinavyozunguka kambi, na haikuchukua muda kabla sijafika kwa binti. Mimi ndiye niliyemtambua kwanza. Yeye alinitambua kwa chupa ya dawa. Alikuwa na nyumba ya udongo ya bati, mtoto wa kike mwenye miguu ya babu yake, na banda la mbuzi ambalo mfugaji yeyote wa pale angelitamani. Mumewe alikuwa akija kutoka kambini kwa kibali, cherehani kichwani, mtu wa kucheka kwa urahisi.

"Ona, Dokta," aliniambia siku ya kwanza, akinionyesha mbuzi mmoja mzee mwenye sikio lililokatika. "Ile njo mama ya yote hii. Bibi yangu huyu alikuja naye kwa miguu. Minasema, huyu mwanamke iko na nguvu."

Ni yule mbuzi wa uwanja wa kanisa. Nilimnywesha dawa kwa heshima zote, kabla ya wengine.

Binti hakuwa mtu wa kulalamika. Mara moja tu, tukimshika mbuzi wa kumchanja, alisema akiwa ameinama: "Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba mnyama wa Pasaka, wakati wa Musa, walimtwaa katika kondoo au katika mbuzi. Vyovyote. Damu ilipakwa mlangoni na malaika akapita. Hakuuliza ni ya nani." Akamkaza mbuzi pembe. "Alinifundisha mwenyewe, Daktari. Sasa alisahau wapi?"

Nilimuuliza kama baba yake akija atampokea. Akasema baba yake haji. Nikauliza, na akija? Akasema inategemea amekuja na nini mkononi, na anajua mwenyewe.

Nikafika tena kwake msimu wa kiangazi, kuchanja sotoka ya mbuzi. Nilikuta uwanja umefagiliwa mpaka unang'aa na mume amevaa shati la mikono mirefu. Mama alikuwa amepiga simu: baba yenu anakuja leo, amesema ataleta mnyama. Mama hakusema mnyama gani, lakini nani angeuliza? Mtu hakanyagi uwanja wa mwanawe baada ya miaka yote ile bila kondoo. Mume alikuwa ameshamtengea kona yake bandani, asichanganyike. Binti alikuwa amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage, na hakuna jiwe alilokuwa akiliona.

"Kondoo ni kitu kizuri," nikasema, ili kuwe na mtu anayesema.

"Ni kizuri," akajibu. "Ni wa waliokoseana. Mimi nilimkosea nini? Lakini ni mzee. Nitampikia."

Bodaboda ikaja ikipiga honi kutoka barabarani. Katekista alikuwa nyuma ya dereva, koti lilelile la kijivu, na mbele juu ya tangi amelazwa mnyama aliyefungwa miguu. Wakasimama. Dereva akamshusha mzee, akamshusha mnyama, akamfungua miguu, akampa mzee kamba.

Alikuwa mbuzi. Mweupe na mweusi, ana ndevu, hakuna mtu mwenye macho ambaye angekosea.

Mume alinitazama. Dereva akaona tunavyotazama, akainua mikono. "Mimi nimemchukua pale mnadani, anaye tayari," akasema. "Wale jamaa wakiona mzee haoni, wanapiga tu."

Binti aliweka ungo chini. Nilimwona uso wake ukilainika, na ilikuwa ni huruma, ile tunayowapa wazee waliodanganywa. Akamkaribia.

"Data," akasema, ndivyo Waha wanavyowaita baba zao, akamwamkia, "mwakeye. Wamekudanganya, data. Huyu si kondoo. Usijali."

Katekista aligeuza kichwa kuelekea ile sauti. Kisha akaifuata kamba kwa mkono mpaka shingoni, akapapasa mgongo wote, akafika kwenye mkia, ambao ulikuwa umesimama wima. Akaushika, na alipoanza kusema alisema kwa Kiha. Nilikuwa nimeshakaa mkoani Kigoma vya kutosha kumwelewa.

"Nilianza kwa kumshika mkia huu," akasema. "Ndipo nikawaambia nifungieni huyu. Kondoo walikuwepo wengi, walinisukumia kondoo mpaka nikachoka. Nikakataa. Kondoo ni wa watu waliokoseana, mwanangu. Wewe hukunikosea."

Akaunyosha mkono wenye kamba. Aliunyosha mahali ambapo hapakuwa na mtu, kati ya banda na ukuta, kwa kuwa haoni, akangoja hivyo, kichwa juu. Mume alitaka kwenda kumgeuza, nilimshika shati. Binti alimtazama baba yake, akaitazama kamba. Kisha akazunguka, akaenda akasimama pale baba yake alipokuwa amenyoshea mkono, akaipokea.